Chombo na Kamba Yake

Kwa watu wa skrepu wa Kongowea, kompyuta hupimwa kwa kilo. Inawekwa kwenye mizani ileile iliyopima sufuria iliyotoboka na rimu ya baiskeli, mshale unatulia, bei inatajwa. Sanduku ni bati, waya ni shaba. Bodi ya ndani ina bei yake kando kwa sababu viungo vyake vimepakwa dhahabu kidogo, na wapo wanaojua kuitoa. Kaseti na kanda za video hazina bei kabisa. Ukinunua kitu kingine waweza kutiliwa gunia zima kama nyongeza. Ndani ya lile bati huwa mna maandishi ya watu, na hayo mizani haiyaoni.

Mimi huvinunua vitu hivi kabla havijafikiwa na nyundo. Sinunui vingi, sina pesa hizo wala chumba hicho. Nina CPU kadhaa za enzi za Pentium, masanduku mawili ya flopi, kaseti za taarabu zilizorekodiwa harusini, kanda za VHS, na kibodi nyingi kuliko anavyohitaji mtu mwenye vidole kumi. Nasafisha, natengeneza, ikiwezekana naiamsha mashine, halafu naandika kwenye daftari: aina, namba ya kiwandani, nilipoipata, lini, ina stika gani mgongoni, mhuri wa duka gani. Rafiki zangu wananiuliza nitazioa lini. Hilo nalijibu kwa kicheko. Linalonisumbua ni jingine: ninapoiamsha kompyuta ya mtu nisiyemjua na faili zake zikajipanga mbele yangu, nina haki gani ya kuzisoma? Na kama sina, nina haki gani ya kuzifuta?

Lazima niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana swali hili nimelipata mezani, bisibisi mkononi.

Pwani inaua mashine. Hewa ya chumvi inakula skrubu na miguu ya chipu. Unyevu unapandisha ukungu kwenye kanda za video, mweupe kama unga wa muhogo, na ukiitia kanda hiyo kwenye deki bila kuisafisha, ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki na kutoka hapo unaambukiza kila kanda inayofuata. Bodi nyingi za zamani zilikuwa na betri ndogo ya kutunza saa. Betri hizo huvuja zikizeeka, na zikivuja zinatafuna njia za shaba zilizo jirani nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilifungiwa kapasita mbovu, zikawa zinafura vichwa na kupasuka kama maandazi yaliyozidi hamira. Nimebadilisha nyingi mpaka harufu yake naijua. Flopi ya inchi tatu na nusu inabeba megabaiti 1.44, haitoshi picha moja ya simu ya leo, na Sony walioileta duniani waliacha kuiuza 2011. Zilizobaki ndizo zilizobaki.

Halafu kuna diski ngumu, ile inayokaa ndani ya CPU na kulia kama mashine ya cherehani ikiamka. Wengi wanadhani wakifuta faili, imefutika. Kompyuta haiondoi maandishi. Inaondoa jina tu kwenye orodha, kama karani wa gesti anayekata jina la mgeni kitabuni huku mgeni mwenyewe bado amelala chumba namba saba. Chumba kikihitajika ndipo mgeni atatolewa. Kisipohitajika, atalala miaka.

Hili limepimwa. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa MIT kule Marekani, walinunua diski kuukuu 158, nyingi kwenye mnada wa mtandaoni, wakachapisha matokeo 2003. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Katika hizo, zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo ni 12. Kwingineko walikuta namba za kadi za benki na barua za mambo ya hospitali. Miaka sita baadaye, wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia walinunua diski pale Tema, Ghana, mojawapo ikawa na karatasi za kampuni ya silaha ya Northrop Grumman. Dunia ikashtuka. Somo lililotolewa kila mara lilikuwa lilelile: ewe mwenye kompyuta, jihadhari. Mwenye kupoteza alipewa nasaha zote. Mwenye kuokota hakuambiwa kitu.

Mimi ndiye mwenye kuokota.

CPU iliyonifanya nikae chini nifikiri ilitoka kwenye saiba iliyofungwa. Vijana mlioanza na simu mkononi huenda hamkuijua saiba ilivyokuwa. Mpaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa, intaneti yetu ilipita kwa setilaiti, polepole na kwa bei. Kwa hiyo saiba nyingi za Kisauni, Bombolulu, Kongowea, zilikuwa kwanza nyumba za kuchapa. Unakwenda na karatasi uliyoandika kwa kalamu, unakaa kwenye stuli, yule dada anakuchapia, unasimama nyuma yake ukirekebisha herufi za jina lako. Anaprinti, unalipa kwa ukurasa, unaondoka. Faili inabaki. Hakuna aliyesema ibaki, hakuna aliyesema isibaki.

Diski hii ilikuwa imekusanya miaka mitano hivi ya mtaa mzima. Sikufungua faili. Lakini orodha huwezi kuikwepa, ndiyo inayotangulia, na majina ya faili yana mdomo. Yalikuwepo mamia: CV na CV na CV, barua za kuomba nafasi bandarini, maombi ya basari, barua kwa mwenye nyumba, tangazo la mashindano ya mpira, pasipoti zilizopigwa picha za mabinti waliokuwa wanakwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Moja iliitwa "msamaha baba". Nyingine iliitwa "talaka 2", nikajikuta nawaza ilikokwenda talaka 1.

Aliyeniuzia nilimwambia kwamba ndani mna vitu vya watu. Mzee yule alicheka. "Nilipe chuma changu, mwanangu. Hayo ya ndani ni yako wewe na Mungu wako."

Alisema kweli zaidi ya alivyokusudia. Chuma kilikuwa chake, akaniuzia, kikawa changu. Ya ndani hayakuwa yake. Wala hayakuwa ya mwenye saiba. Huwezi kuuza usichomiliki, kwa hiyo sikuyanunua. Yamekuja nyumbani kwangu kama mtoto aliyelala kwenye siti ya nyuma ya gari lililoibiwa.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake na mambo ya familia yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ofisi ya kamishna wake. Nzuri zote, na nimezisoma. Lakini zimeandikwa zikiwatazama wanaokusanya taarifa za watu kwa kazi: benki, programu za mikopo, shule, hospitali. Hakuna afisa atakayegonga mlango Kongowea kuuliza kuhusu diski ya gigabaiti 20. Na kama jambo ni ovu, halisubiri afisa.

Njia nyepesi basi ni kufuta kila kitu. Unapitisha sifuri juu ya diski yote mara moja, saa kadhaa, imekwisha, mikono safi. Wapo mafundi waadilifu ninaowaheshimu wanaofanya hivyo, na sina la kuwalaumu. Mimi siwezi, na sababu zangu ni mbili, zote ziko karibu na ninapoishi.

Ya kwanza ni Frere Town. Ukitoka sokoni ukatembea kuelekea Kengeleni utaikuta ile kengele iliyoipa stendi jina. Wamisheni wa CMS walianzisha makazi yale 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Waliandika: nani amekuja, nani amebatizwa, kwa jina gani. Karatasi nyingi za CMS sasa ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Waliobatizwa hawakuulizwa kama wangependa majina yao yakae kwenye sanduku la kigeni. Lakini mzawa wa Frere Town anayetaka kujua babu wa babu yake aliitwaje, mojawapo ya njia chache alizonazo ni karatasi zile zilizoandikwa bila ridhaa. Karani angekuwa mwenye haya kama mimi, njia hiyo isingekuwepo.

Ya pili ni Muyaka. Muyaka bin Haji alifariki kama 1840. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yaliishi midomoni, na midomo inakufa. Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, ndiye aliyekusanya aliyoweza na kuyaandika, akishirikiana na mmisheni W. E. Taylor, diwani ikaja kuchapwa 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, karne nzima baada ya mshairi kuzikwa. Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kumsoma Muyaka anadaiwa na Mwalimu Sikujua. Nilipokuwa naanza kazi hii nilijiona mjukuu wake. Yeye aliokota maneno kabla hayajapotea na mimi naokota diski, kazi moja.

Siamini tena kwamba ni kazi moja, na ni gunia la kanda lililonibadilisha.

Gunia lilikuwa la studio ya video iliyohama. Kanda za VHS thelathini na kitu, zimeota ukungu, na kwenye migongo ya nyingi kuna mwandiko wa kalamu: jina, mwaka, na neno "kupamba". Asiye wa pwani aelezwe. Kupamba ni usiku wa wanawake katika harusi zetu. Bi harusi anakalishwa juu, amepambwa, na wanawake walioalikwa wamevaa wanavyotaka kuvaa, bila buibui, nywele wazi, dhahabu, wanacheza. Mwanamume haingii. Siku hizi hata simu zinazuiwa mlangoni. Miaka ya tisini mpiga video alikuwa mwanamke, na kanda ilikabidhiwa kwa familia, na nakala, inavyoonekana, ilibaki studioni.

Sasa nikumbushe kazi ilivyo. Kanda ya video huwezi kuinakili haraka haraka. Saa tatu za kanda ni saa tatu za deki, na lazima mtu awe anatazama, kwa sababu picha inaruka, ukungu unaziba vichwa, unasimamisha, unasafisha, unaendelea. Kuiokoa ni kuitazama. Nikaona dawa ni rahisi: dadangu. Ni mwanamke, ni wa hapa, anajua deki kama mimi. Nikamwita, nikamweleza, nikaigeuza skrini ikatazama upande wake.

Akaishika kanda ya kwanza, akasoma mgongo, akairudisha. "Mbona mimi pia sikualikwa?"

Hapo ndipo nilipomwachia Muyaka mahali pake. Muyaka alisema hadharani. Aliyatunga ili yasikike, yaudhi Wabusaidi, yachekeshe baraza, yapite Mji wa Kale kutoka mdomo hadi mdomo. Mwalimu Sikujua alipoyaandika aliendeleza safari ambayo mashairi yenyewe yalikuwa yameianza. Wale akina mama kwenye kanda hawakuanza safari yoyote kuja kwangu. Walicheza mbele ya watu waliohesabika, waliotajwa kwa majina kwenye kadi. Dadangu hakuwemo. Ukuta ule haukuwa wa wanaume na wanawake tu, ulikuwa wa walioalikwa na wasioalikwa, na kwa ukuta ule sote wawili tulikuwa nje.

Watunza kumbukumbu wana jibu lao: muda. Nyaraka za Taifa hapa Kenya hufungua karatasi za serikali baada ya miaka 30. Basi fungia kanda, zitazamwe wajukuu wakikua. Naelewa, na kwa karatasi naafiki. Lakini kanda haitasubiri. Hata mradi wenye pesa umewahi kukwama: BBC waliposherehekea miaka 900 ya kitabu cha Domesday, mwaka 1986, waliiweka Uingereza nzima kwenye diski za leza, picha, ramani na maandishi ya watoto wa shule. Miaka kumi na tano baadaye mashine za kuzisoma zilikuwa karibu zimekwisha na wataalamu walihangaika kuokoa yaliyomo. Kitabu chenyewe cha 1086 bado kinasomeka. Sasa hao ni BBC. Kanda ya kupamba ndani ya gunia Kongowea, kwenye joto hili, tuseme ukweli jamani.

Kwa hiyo kusubiri nako ni kuchagua. Ukifungia bila kunakili, umefuta, ila umefuta polepole ili dhamira isikusute.

Nilipotafuta mtu aliyewahi kulifikiria jambo hili kutoka upande wa mwokotaji, sikumpata kwenye vitabu vya kompyuta. Nilimpata madrasa, au tuseme kwenye kumbukumbu yangu ya madrasa, mlango wa vitu vya kuokota. Mtume aliulizwa kuhusu kitu kilichookotwa, akaelekeza kwamba mwokotaji atambue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe. Akaulizwa kuhusu mbuzi aliyepotea: mchukue, kwani ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Akaulizwa kuhusu ngamia, akakasirika: ngamia ana maji yake na miguu yake, mwache, bwana wake atamkuta.

Utotoni nilidhani haya ni mambo ya jangwani. Sasa nayaona yanazungumza na meza yangu moja kwa moja. Diski kwenye mizani ya skrepu ni mbuzi. Haina maji wala miguu, na nyundo iko hatua mbili. Kwa hiyo kuichukua si kosa. Pili, kazi ya kwanza ya mwokotaji ni kukijua chombo na kamba. Kwa nini chombo? Kwa sababu ndicho kitakachomtambulisha mwenyewe: akija mtu akisema mfuko ulikuwa wa ngozi na kamba nyekundu, unajua ni wake. Mwokotaji anatakiwa awe hodari wa kueleza kitu kwa nje.

Na hiyo ndiyo kazi ya daftari langu. Aina, namba, stika, mhuri wa duka, tarehe za faili, idadi yake, ukubwa wake. Nilikuwa nikiyaona haya kama maganda, tunda likiwa ndani. Sasa nadhani kwa mtu wa nje kama mimi, hayo ndiyo ninayoruhusiwa kuyajua yote, na niyajue vizuri kuliko mtu yeyote.

Kuna zawadi moja hapa ambayo Mwalimu Sikujua hakuwa nayo. Yeye hangeweza kunakili bila kusoma. Kalamu yake ilipita kwenye akili yake. Mimi naweza. Diski ngumu au flopi unaweza kuinakili yote ilivyo, kipande kwa kipande, kwa programu isiyojua kama inabeba barua ya mapenzi au hesabu za duka. Nakala inatoka faili moja kubwa, imefungwa, na sijaona neno. Karani kipofu. Mbuzi kaokolewa na mbwa mwitu, na sijamkamua.

Kwa kanda za video zawadi hiyo haipo, kama nilivyosema. Za kupamba sikuzinakili. Nilizifungasha na chokaa ya kunyonya unyevu, nikaandika yaliyo migongoni, na dadangu amekuwa akiuliza majina hayo kwa wanawake wakubwa wa mtaa, taratibu, kwenye shughuli zao. Nane zimerudi kwa wenyewe. Bibi mmoja aliipokea yake kwa mikono miwili, akaenda jikoni, akaivunja kwa mchi. Kwangu mimi ile kanda ilifika salama kama zile saba nyingine, ingawa nakiri kwamba roho ya mkusanyaji iliniuma. Mfumo wa ile kanda ulikuwa na ganda la kijivu ambalo sina.

Kuna pingamizi nisiyoweza kuimaliza. Hadithi ile inasema baada ya mwaka wa kutangaza, mwokotaji aweza kukitumia alichookota. Mwaka wa diski ya saiba umekwisha. Je, sasa zisomwe? Nasema hapana, kwa sababu hukumu ile inahusu mali, na mali ikikaa bure haimfai mtu. Siri haiwi halali kwa kuchelewa. Lakini mwenzangu mmoja anayesoma historia aliniuliza: na Frere Town? Wale nao walikuwa na siri. Ni miaka mingapi inayogeuza siri ikawa historia? Nikamwambia labda ni pale ambapo hakuna tena aliye hai wa kuona haya kwa ajili yao. Akasema, "Na nani atakuwa hai wa kutunza diski zako mpaka hapo?" Tuliachia hapo, kahawa ikapoa.

Kutangaza nako kuna utata wake. Huwezi kubandika ukutani "nimeokota barua yako ya talaka". Kwa diski ya saiba nilipata mlango mmoja tu ninaoweza kuutetea, nao ni CV. CV ndiyo karatasi ya faragha pekee inayoandikwa ili isomwe na mtu usiyemjua, na juu kabisa mwenyewe ameweka namba ya simu, ukiwa na shida naye mpigie. Basi nikafungua CV, sehemu ya juu tu, nikapiga.

Namba nyingi hazipatikani. Baadhi zimekwenda kwa watu wengine. Bwana mmoja aliniuliza kwa upole kama napiga kutoka Kamiti. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Futa, kaka, ile CV ilikuwa na uongo mwingi," na tukacheka sote, nikaifuta tukiwa bado kwenye simu. Mama mmoja alikuwa amepoteza vyeti kwenye moto wa nyumba, na saiba ilikuwa imevipiga picha. Alilia. Kwa huyo peke yake ningeinunua ile CPU mara kumi.

Halafu kuna dada aliyeandika CV yake 2007. Yake hakuitaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, siku ile nilikwenda na kaka yangu. Na yeye alichapiwa barua. Ipo?"

Kaka yake alikuwa amefariki. Akanipa jina. Nikatafuta kwenye orodha: ilikuwepo, tarehe ileile, dakika ishirini baada ya CV yake, kilobaiti 24, kama ukurasa mmoja. Nikamwambia hayo.

"Kwa mama?" akauliza.

Jina la faili lilionyesha ni kwa nani, na halikuwa la mama. Nikamwambia si kwa mama, na kwamba sijaifungua.

"Usiifungue. Nitakuja."

Alikuja Jumamosi baada ya laasiri. Nilimwekea kiti, nikamwachia chumba. Aliketi mbele ya skrini akiliangalia lile jina la faili, mkono haujagusa kipanya. Baadaye aliniita, akaniuliza kama naweza kumtilia kwenye flashi vilevile ilivyo, bila kufunguliwa. Nikamtilia. Akaifunga kwenye pembe ya leso yake, akakaza fundo, akaniuliza matatu za Likoni zinapandiwa wapi jioni hiyo.

Iliyobaki kwenye diski sijaifuta. Hakuniambia nifute.